Jibu Ambalo Sikuliandika

Mpaka leo nikiona neno "tumeboresha" kwenye simu nakunja uso. Mama ananiambia niache, simu haina kosa. Ni kweli, haina. Lakini kuna watu mahali fulani walioamua kwamba mdomo wangu hautoshi, wakanipa mwingine.

Mama anasuka vikapu vya katani. Baba yake alikuja Kimamba kukata mkonge, kwa hiyo mama alikulia kwenye nyuzi. Sisi tunaishi Kilosa mjini, si mbali na stendi. Nilipomaliza darasa la saba nilianza kumpelekea vikapu sokoni, nikashindwa. Bei nilizijua. Ila mteja akisimama mbele yangu maneno yalikuwa yanaganda kooni. Jirani yetu wa meza ya dagaa aliwaambia wateja, "Mwulizeni tu, huyo si bubu, anatunza sauti." Watu walicheka, nami niliinama kupanga vikapu vilivyokwisha kupangwa.

Ndiyo maana nilipofungua duka kwenye simu, kwenye programu moja ya kuuzia vitu mtandaoni, niliona nimepona. Unapiga picha, unaandika bei, mteja anauliza kwa meseji. Naandika polepole. Natafuta herufi, nafuta, naandika tena. Lakini mteja haoni jasho langu, anaona jibu tu, na jibu limenyooka.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Mikumi mwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Vikapu vyetu aliviweka vyumbani, vya kutilia nguo chafu. Sikuwahi kumwona. Mzigo nilimpa konda wa basi, na yeye aliupokea huko. Lakini tuliandikiana sana. Nilianza na shikamoo, naye aliandika marahaba mwanangu, halafu aliuliza mvua ya huku na mgongo wa mama, ndipo tufike kwenye vikapu. Siku moja alinisimulia kwamba tembo wameangusha ukuta wa choo cha jirani, na mume wake amekwenda kuwafukuza na sufuria mbili, akarudi na kifuniko kimoja. Nilicheka peke yangu barazani. Hakukuwa na mtu mzima mwingine aliyeongea nami kwa urefu ule.

Basi wenye programu wakaboresha.

Ulikuja ujumbe mrefu wa kunipongeza. Nilisoma mistari mitatu. Chini kulikuwa na kitufe cha kijani kimeandikwa "Sawa", nikakibonyeza. Kosa langu liko hapo, nalisema mwenyewe. Ningesoma mpaka mwisho ningejua kwamba kuanzia siku ile programu itawajibu wateja kwa niaba yangu, kwa jina langu na picha yangu, papo hapo. Na kwamba meseji ikishajibiwa inahamishiwa upande mwingine ili isinisumbue. Duka langu likapewa alama ya kijani: "Anajibu haraka". Nilimwonyesha mama ile alama. Nilijivuna.

Jumatatu nzima sikuona meseji, nikadhani wateja wamepoa. Jumanne asubuhi nikafunga vikapu sita alivyokuwa ameagiza yule mama wa Mikumi, nikampa konda. Alhamisi, nikiwa natafuta picha, kidole changu kiligusa mahali nisipopajua, na meseji zote zikafunguka.

Jumatatu aliandika hivi: "Mwanangu, nimefiwa na mume wangu alfajiri ya leo. Vikapu visije kwanza."

Chini yake, kwa jina langu: "Habari mpendwa mteja! Tunafurahi sana kusikia kutoka kwako. Vikapu vyako viko tayari kusafirishwa. Habari njema: ukiongeza kikapu kimoja wiki hii utapata punguzo. Furahia siku yako!" Na mwisho kimechorwa kikatuni kinachorusha karatasi za rangi.

Akaandika tena: "Nimesema nimefiwa."

Programu ikamjibu: "Asante kwa taarifa. Je, tumekusaidia? Tupe nyota tano."

Baada ya hapo hakuandika tena.

Nilimsomea mama. Aliweka kikapu chini na kuniuliza kama kweli nimemjibu mfiwa hivyo. Nikasema si mimi. Akauliza jina lililo juu ni la nani. Nikasema langu. Akaniambia kesho nipande basi, niende nikatoe pole kwa kinywa changu. Nilimwomba niandike kwanza, nielezee. Akasema meseji ndizo zilizotufikisha hapo.

Jioni ile niliwaandikia wenye programu. Nilitumia saa nzima. Niliwaambia wamemtukana mtu mwenye msiba kwa jina langu. Jibu lilifika kabla sijapumua: "Asante mpendwa kwa maoni yako mazuri!" Niliitupa simu kitandani. Ningekuwa na nyingine ningeitupa ukutani.

Asubuhi nilipanda basi na kilo mbili za sukari na mfuko wa unga, alivyonifungia mama. Njia nzima nilirudia maneno yangu. Shikamoo mama. Pole kwa msiba. Sikuandika mimi. Yalikuwa maneno machache, lakini kila basi liliposimama niliyapoteza, nikaanza upya.

Nyumbani kwa mfiwa turubai lilikuwa bado limefungwa, matanga hayajaanuliwa. Wanaume walikaa kwenye viti nje, wanawake ndani. Nilisalimia wazee mmoja mmoja, wakaitikia. Mmoja akaniuliza natoka wapi. Nikasema Kilosa, mimi ni wa vikapu.

Wote wakageuka.

Kati yao alikuwepo mzee aliyejifunga kanga ya kike kiunoni, mwiko mkononi. Nilijua mara moja ni mtani wa marehemu, na kazi ya mtani msibani ni kuwachekesha wanaolia. Pembeni yake kulikuwa na vikapu vyangu sita, bado vimefungwa kamba yangu. Vilikuwa vimefika siku ya mazishi, konda akavishusha katikati ya waombolezaji.

Mtani akasimama. "Ala! Duka limekuja lenyewe kwa miguu." Akachukua kikapu kimoja, akakivaa kichwani. "Niambie, kijana. Nikiongeza cha saba, mwenzetu anarudi?"

Watu walicheka. Mtu wa kando yangu alinieleza, huku anafuta machozi ya kicheko, kwamba ile meseji imekuwa wimbo wa msiba mzima. Siku ya mazishi mtani alikalia udongo wa kaburi akakataa marehemu ashushwe, eti wasubiri punguzo. Hata mjane alicheka pale.

Mimi sikucheka. Nilisema, sauti ikiwa chini, kwamba si mimi niliyeandika.

"Jina lako, sura yako, halafu maneno ni ya mtu mwingine?" mtani akauliza.

Nilijaribu kueleza nikakwama. Kijana mmoja wa bodaboda akanisaidia, akasema siku hizi maduka ya kwenye simu yanajibu yenyewe, ni mashine. Nilidhani kicheko kitaongezeka. Lakini mtani alivua kile kikapu kichwani na kukishika kwa mikono miwili, na uso wake ukabadilika.

"Mimi kumcheka huyu marehemu nimeachiwa na babu zangu," alisema. "Na ningetangulia mimi, yeye angekuja kunicheka. Hiyo mashine ni mtani wake kwa upande gani?"

Mzee mmoja alikohoa. Mtani akaketi, akaweka mwiko chini ya kiti, na siku ile hakutania tena nilipokuwapo. Hapo ndipo hasira yangu ilipopata umbo. Tangu jana nilikuwa nimekasirika kama mtoto aliyesingiziwa. Sasa niliona kilichofanyika. Wale wenye programu hawakuomba ruhusa ya kuingia kwenye msiba, wala hawakujua kwamba inaombwa. Mtu wa kwetu, hata mlevi, akifika mlangoni penye kilio anavua kofia.

Nikaitwa ndani. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, mama mfupi, macho yamevimba. Nilipiga magoti. Yale maneno ya kwenye basi yalitoka, lakini yamechanganyika, pole ikatangulia shikamoo. Aliitikia yote.

Nikamwambia kuhusu kitufe cha kijani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unajua kilichoniuma?" akasema. "Si punguzo. Ni upesi. Sijaweka simu chini, imeshajibu. Nikasema, mwanangu huyu hata hakufikiri."

Nikasema samahani mama.

"Nimekusikia. Kosa si lako. Lakini kwenye lile duka siandiki tena. Kila nikiliona naona vile vikaratasi vya rangi."

Sikubishana naye. Wanawake walinipa chai na kiporo cha wali, nikala, nikaondoka na basi la mchana. Vikapu alisema vibaki.

Nilirudi nikakitafuta kile kitufe. Wamekificha nyuma ya kurasa nne. Ukitaka kukizima wanakuuliza mara tatu kama una uhakika, na wanakutisha kwamba duka lako litashuka chini ambako wateja hawafiki. Nikakizima. Alama ya kijani ikatoka, yakawekwa maandishi mekundu: "Muuzaji huyu huchelewa kujibu". Wameyaweka kama aibu, watu wote wayaone. Mwezi uliofuata wakaboresha tena, na nilikuta kitufe kimewashwa upya bila mimi kukigusa. Sasa kila asubuhi nakikagua kabla ya kupiga mswaki, kama mtu mwenye mbwa asiyemwamini.

Mama wa Mikumi anaendelea kununua. Akitaka vikapu anamwambia konda. Konda akifika stendi ya Kilosa anatoa kichwa dirishani na kupaza sauti mbele ya wauza karanga, abiria na kila mtu, "Wa vikapu! Yule mama anataka vinne, na anauliza mgongo wa mama yako!"

Mara ya kwanza nilisimama tu na mzigo wangu. Zamani ningeandika. Ningekaa barazani nusu saa nikatafuta neno la kumwambia kwamba mgongo unaendelea vizuri na kwamba tunamkumbuka yeye na nyumba yake. Mahali pa kukaa nusu saa wamenipokonya. Nikasema, mwambie kwamba mama yangu hajambo, na poleni bado.

"Sikusikii!" konda akasema. "Ongea kama mtu mwenye afya, gari inaondoka."

Watu wakageuka kuniangalia. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilisahau kuona haya. Nikarudia, kwa sauti ambayo hata muuza dagaa angeisikia, na konda akagonga bati la basi mara mbili kuonyesha kwamba amepokea.