Kioo Kisicho na Ukijani

Soko jipya lilipofunguliwa, niliagiza kioo cha dirisha kiangavu kabisa kwa duka langu la magauni ya harusi hapa Dodoma, maana kile cha zamani kiliyatia magauni ukijani. Nikamkataza fundi, Mzee Salehe, kukichorea ile alama ya chokaa ya kutahadharisha watu kuwa kuna kioo. Itanichafulia duka!

Kesho yake nikakuta gauni linang'aa kama maziwa, na fremu ya dirisha tupu. Mzee Salehe alikuwa akikusanya vifaa vyake; hata shikamoo sikumpa.

"Kioo kiko wapi?" nikafoka mbele ya wateja.

"Kipo, mama."

"Unanifanya mtoto?"

Nikainama nilishike gauni kupitia kwenye fremu, nimwonyeshe. Puu! Rangi yangu ya mdomo ikabaki hewani, nyekundu.

Mzee akatoa kitambaa, akakitazama, akakirudisha mfukoni.

"Hii tusiifute, mama. Alama ndiyo hiyo."