Swali Ambalo Mwanaisha Hakulitaja

Kwa miaka kumi na minne Mwanaisha wa Kyela mjini, mama yake Badru, alinunua vyungu vya Ikombe na kuvipeleka Tukuyu na Mbeya, na kila Jumamosi aliianza kwa simu mbili. Akishasali alfajiri alimpigia Yakobo, mpakiaji wake kule Matema ufukweni, "Ziwa limeamkaje?" Yakobo akisema limetulia, ndipo alipompigia Marta, kiongozi wa wafinyanzi wa Ikombe, "Leteni mzigo, dada." Ikombe imejificha chini ya milima. Maji ya mlangoni kwao huweza kutulia tuli huku nje ya rasi mawimbi yanapigana. Kwa hiyo Marta alingoja simu, na ikija, walipakia mtumbwi na kupiga kasia hadi Matema bila kuulizana.

Tatizo, Mwanaisha alikuwa msahaulifu. Hoteli ikiagiza vyungu thelathini alipeleka ishirini, na mama ntilie aliyetaka vikubwa alipata vidogo. Mwezi wa tatu akachoka kuomba radhi, akaenda kwa Gwamaka, fundi wa kompyuta mwenye ofisi karibu na stendi. Gwamaka akamwambia ataje kazi zote anazozirudia kila wiki, waiachie mashine. Akazitaja kwa vidole: kujumlisha oda, kumwita dereva, kumwambia Yakobo afungue ghala, kumwambia Marta alete vyungu vingapi, kuwakumbusha wateja. Lile swali la ziwa hakulitaja. Kwake halikuwa kazi, lilikuwa sehemu ya kusalimiana. Basi Gwamaka akapanga: kila Jumamosi saa kumi na moja alfajiri jumbe zote zitoke zenyewe, simu ya Mwanaisha iwe imewashwa au imezimwa.

Wiki tisa mambo yakaenda barabara. Mwanaisha akajigamba sokoni kwamba amepata karani asiyeomba ruhusa ya kwenda msibani, na akishasali sasa alirudi kitandani kama bibi harusi.

Jumamosi ya kumi aliamshwa na kelele za mabati ya paa. Upepo wa kusini ulikuwa umeshuka kwa nguvu, na nyuma ya nyumba migomba ilikuwa ikichanika. Ilikuwa saa moja kasoro. Akajiambia, kwa usingizi usingizi, kwamba leo Marta asithubutu kutoka. Halafu akakumbuka kwamba Marta ameshaitwa.

Alipiga simu ya Marta. Haipatikani. Akampigia Yakobo.

"Ugonile, mama," Yakobo akamwamkia.

"Yakobo, ziwa limeamkaje?"

"Limechafuka vibaya. Nimeshangaa kuona ujumbe wako, nikasema labda mama anataka nifagie ghala tu."

"Sasa mbona hukunipigia?"

Yakobo akasema, "Mama, siku hizi hupigi. Nikadhani hutaki kusumbuliwa."

Mwanaisha alikata simu. Alijitupia ushungi, akatoka na kandambili za bafuni, akapanda bodaboda ya kwanza aliyoiona. Njia nzima alipiga namba ya Marta, na kila mara sauti ileile ya upole ilimwambia ajaribu tena baadaye. Alimwaza Naomi, binti wa Marta, ambaye siku zote ndiye aliyeshika kasia la mbele, na mtoto wake wa miezi minne aliyeachwa kwa majirani. Aliogopa sana. Katikati ya hofu hiyo akajikuta anapanga maneno ya kuwaambia watu wa Ikombe: ni mashine, jamani, mimi nilikuwa nimelala. Akajisikia akiyasema mbele ya majeneza mawili, akaona aibu hata kwa dereva wa bodaboda asiyejua lolote.

Matema alimkuta Yakobo amesimama mchangani na wavuvi. Mitumbwi yao yote ilikuwa imevutwa juu.

"Nendeni mkawatazame," akasema. "Nawaombeni."

"Mama Badru, kwa ziwa hili?" mmoja akajibu, bila ukali. "Tutakuwa wa kutafutwa na sisi."

Ikabaki kungoja. Mawimbi yalipiga yakaacha povu chafu miguuni pake, akasahau kurudi nyuma. Kila doa jeusi lilikuwa mtumbwi, kisha likawa gogo, kisha likawa si kitu. "Yarabi," alisema, na zaidi ya hapo dua zote alizofundishwa tangu utoto zilimkimbia. Saa mbili na nusu. Saa tatu.

Ilikaribia saa nne Yakobo alipokimbilia majini. Doa lilikuwa limeinuka juu ya wimbi, na lina watu. Likazama machoni pao, likainuka tena. Wavuvi wakaingia hadi kifuani, wakaukamata mtumbwi kwa pande zote mbili, wakauburuta. Ulikuwa umejaa maji nusu, na hapakuwa na chungu hata kimoja. Vyote walivitupa ziwani ili uwe mwepesi. Naomi alishuka akatembea hatua chache, akakaa mchangani, amewapa mgongo.

Mwanaisha alimshika Marta mikono yote miwili. Ilikuwa baridi, na kiganja kimoja kilivuja damu.

"Mzigo wako umekwenda, Mama Badru. Utusamehe," Marta alisema, akihema. "Tulipofika kwenye rasi Naomi alitaka turudi. Alilia kabisa. Mimi nikakataa. Nikamwambia, Mama Badru hawezi kutuita bila kuuliza ziwa."

"Sikuuliza, dada Marta."

Marta akatabasamu, kama mtu anayetaniwa wakati mbaya.

"Sikuuliza," Mwanaisha akarudia, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka mbele za wavuvi. "Hata sikuwaita. Nilikuwa nimelala."

Naomi akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu ashuke.

"Basi nani alituita?"