Kulia ni Upande wa Mafuta

Muulize Aketch mkono wake wa kulia ni upi, halafu mtazame macho. Yatapanda juu, yatashuka, kisha atatabasamu na kuinua mkono wowote ulio karibu. Siku nyingine anapatia. Siku nyingi hapatii. Lakini usimcheke upesi, maana lugha zenyewe ndizo zilizoanza vurugu.

Mama yake alimlea kwa Kijaluo, na kwa Kijaluo kushoto ni *acham*. Neno hilohilo, ukilitamka vingine kidogo, ni "ninakula." Mtoto akaelewa alivyoelewa: mkono wa kula ni huu. Akaja kuanza shule Kibera, mwalimu akasema kwa Kiswahili kwamba mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na kumbe ni ule mwingine. Aketch, ambaye alishika kijiko kwa kushoto tangu ajue kijiko, akasimama mbele ya darasa na mikono yake miwili na lugha zake mbili, asijue aanzie wapi. Akachapwa. Akalia. Darasa likapiga kelele kwamba huko ndiko kulia anakokujua.

Watoto wengi wa Kijaluo hupita hapo, wakavuka, wakasahau. Aketch hakuvuka. Alichojifunza ni kusema "sawa." Akielekezwa njia, sawa. Akiulizwa kama ameelewa, sawa. Alipokuwa mama fua kule Kabiro, Kawangware, aliwahi kuambiwa mlango wa pili kushoto, akasema sawa, akafua beseni tatu za nguo za watu ambao hawakuwa wamemwita. Wenye nguo walishukuru sana. Aliyemwita hakumwita tena.

Kiuno kilipoanza kumlilia kwa kuinama, Aketch akaamua atakuwa mwendesha boda. Alitaka kazi ya kukaa wima. Akaenda kwa Hadia, Mnubi wa Makina aliyekuwa akifundisha wanawake kuendesha pikipiki pale uwanja wa Kamukunji, Kibera. Zamani Hadia alisaidia katika darasa la watoto ambao kujifunza kwao hakufanani na kwa wenzao, na kutoka huko alibaki na tabia ya kumtazama mtu muda mrefu bila kusema kitu.

"Kata kulia," Hadia akasema. Aketch akakata kushoto.

"Kushoto sasa." Aketch akaenda moja kwa moja, nusura aingie golini na pikipiki.

Hadia akamfuata polepole, akazima injini. "Mbona unashika hendeli kama inataka kukutoroka?"

"Niko tu sawa."

"Jasho ndio hiyo. Hiyo ni stress, Aketch."

Aketch akacheka kwa sauti. Stress aliijua, na haikuwa hiyo. "Stress ni ya landlord, Hadia. Hii ni uwanja tu."

"Mwili haujui kama ni landlord ama ni kulia na kushoto. Unaogopa tu. Na ukiogopa, hata ile kidogo ulikuwa unajua inapotea." Hadia akamshusha, akakaa kando yake kwenye nyasi. "Kuna watu kichwa yao haishiki pande kwa maneno. Wameumbwa hivyo. Sio ujinga."

"Ni ugonjwa?"

"Hapana."

"Basi itaisha lini?"

"Labda haitaisha."

Aketch alirudi kwake Soweto West, hukohuko Kibera, akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Kama si ugonjwa, hakuna dawa. Kama si ujinga, basi kile kiboko chote kilikuwa cha nini? Alitaka kufurahi, furaha ikagoma. Alitaka kukasirika, asijue amkasirikie nani: mwalimu alishafariki, na mama yake alikuwa tu akiongea lugha yake. Akachemsha chai, akasahau majani, akanywa hivyo hivyo.

Siku iliyofuata Hadia alipanda nyuma yake na hakutamka neno. Alimgonga bega moja, pikipiki ikakata upande huo. Akamgonga la pili, ikakata huko. Wakazunguka uwanja wote, na Aketch hakukosea hata mara moja. Aliposimama alikuwa amekasirika kidogo, kama mtu aliyetafuta kofia kutwa nzima kumbe ameivaa.

"Huu mkono unafanya nini?" Hadia akamuuliza.

"Unaongeza mafuta."

"Na huo?"

"Klachi."

"Basi hizo ndio pande zako. Mtu akisema kulia, wewe fikiria mafuta."

Wakafanya hivyo hadi viganja vya Aketch vikaanza kujua mambo ambayo kichwa kilikuwa bado kinabishania. Leseni aliipata, kwa bahati ya mtahini aliyependa kuonyesha kwa kidole. Ila Kibera steji za boda zilikuwa zimejaa. Iliyobaki ni moja huko Kabiro, na mwenyekiti wake, Nalianya, alikuwa na sheria yake: mgeni ambebe yeye kwanza, azunguke naye vichochoroni. Asiporidhika, huegeshi hapo, na mambo ya boda yameishia hapo.

"Mwambie kabla hujawasha," Hadia akamsihi.

"Sawa," akasema Aketch. Na sasa sote tunaijua hiyo sawa yake.

Hakumwambia. Angemwambiaje, na wanaume wa steji wote walikuwa wamejipanga kutazama, Brandon mbele yao akipiga miluzi? Nalianya akapanda kwa uzito wake wote. Wakaenda vizuri hadi penye kona ya wauza makaa.

"Kata kulia."

Kulia. Ya kula, ya machozi, *acham*, kiboko, vyote vikamjia kwa pamoja kichwani. Moyo ukamdunda masikioni. Fikiria mafuta, akajiambia, mafuta, mafuta, na mkono ukatii: ukaongeza mafuta. Pikipiki ikaruka mbele, ikapita kona, ikaenda kutua kwenye magunia ya makaa. Hakuna aliyeumia. Mwenye makaa alitoa matusi yake ya asubuhi yote.

"Wewe!" Nalianya alikuwa mweusi hadi nyusi. "Nasema kulia, unaongeza moto?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Breki zimekataa, chairman. Nani angejua? Aketch akaufungua mdomo, na akashangaa kusikia kilichotoka.

"Breki ziko poa. Ni mimi. Sijui kulia."

"Hujui nini?"

"Kulia na kushoto. Sijui, sijawahi jua. Nikiogopa ndio inapotea kabisa. Nigonge bega, chairman. Ile utagonga, nakata hiyo side."

"Kwani bega yako iko na masikio?"

"Iko nayo."

Nalianya akayatazama makaa, akaitazama njia. Tusimsifu bure: steji ilikuwa mbali na goti lilikuwa likimuuma. Akapanda. Akamgonga bega kama anayebisha mlango wa mdeni. Aketch akakata. Akamgonga tena, akakata, wakapenya vichochoro vyote vya Kabiro ambavyo miguu ya Aketch ilivijua tangu siku za beseni, hadi steji.

"Kuendesha anajua," Nalianya akawatangazia. "Kulia ndio hajui. Apaki huko nyuma. Wateja wataamua."

Wakacheka hadi wengine wakashika matangi ya pikipiki zao wasianguke. Kila mteja aliyefika aliambiwa habari hiyo kabla hata hajasalimiwa, na kila mteja akapanda pikipiki nyingine. Aketch alikaa. Hakujua kama amekubaliwa au amefukuzwa kwa heshima. Alijuta kusema, kisha akajuta kwamba amejuta.

Jua lilikuwa limepanda alipofika mama mmoja na kuku wawili ndani ya kiondo.

"Huyo hajui kulia, mathe," Brandon akamuwahi. "Kuja huku."

Mama akampita, akamwendea Aketch. "Unajua kwa Nabalayo, ile hoteli ya kuku?"

Kwa mara ya kwanza sawa haikuja.

"Sijui," Aketch akasema, na sauti yake ikasikika hadi ng'ambo ya barabara. "Unigonge bega tukifika kona, nitakupeleka."

Mama akamgeukia Brandon. "Huyu jana alisema anajua. Akanizungusha hadi huko mtaa wa Congo, kuku wangu mmoja akafia kwa kiondo." Akainua gauni kidogo, akapanda nyuma ya Aketch, akaweka kuku katikati yao. "Nigonge hapa?"

"Hapo hapo, mama."

Moyo ulikuwa ukimdunda vilevile. Akawasha.