Nguo Haina Haraka

Nakumbuka masika ya mwaka niliomzaa mama yako, mwanangu. Mvua ya mwaka ule haikuwa ile ya kunyesha ikakata. Ilikuja ikakaa, kama mgeni asiyejua kuaga. Jana nilipokuja kwako ghorofani nikaikuta ile mashine yako mpya ya kukaushia nguo imeshindiliwa mpaka mlango wake umeusukuma kwa goti, nawe umeshavaa viatu unatoka, unaiacha inanguruma peke yake. Moyo wangu ukarudi kwenye mvua ile. Sikusema kitu, maana ulikuwa ukitoka na wageni, na mtu mzima haonywi mbele za watu. Leo tuko wawili. Kaa nikusimulie.

Enzi hizo zilikuwa za Mwingereza, kabla ya vita kuu ya pili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Babu yako Salum alikuwa fundi mdogo kwenye karakana ya reli kule Gerezani. Alikwenda kwa miguu asubuhi na kurudi alasiri ana mafuta ya mashine mpaka kwenye nyusi. Tulipanga chumba kimoja hapa hapa Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani nyuma, ambako wapangaji wote tulipika, tukafua na kugombana.

Chumba kilichokabili changu alikaa Bi Moza. Alikuwa mjane wa Kiarabu, mzaliwa wa mji huu, na mwanawe aliuza vitambaa kwenye duka la mbele ya nyumba. Mfupi, mikono minene, macho makali kidogo. Alikuwa na tabia ya kusema jambo mara moja tu. Ukilisikia umelisikia, usipolisikia ni shauri yako.

Sasa mimi, mwanangu, nilikuwa na ulimi. Usinicheke, huo wako umeutoa wapi? Mama yangu alikuja kunilea uzazi, lakini siku ya ishirini akaitwa nyumbani Kisiju, baba anaumwa. Akaniacha na Zuhura, mama yako, bado mchanga, na masharti mengi. Nikajiona nimeachiwa dunia nzima niibebe kichwani, na kila aliyenifungulia kinywa nilimwona adui.

Siku moja nilikuwa naanika uani. Nguo zangu zilikuwa zinachuruzika maji, nimezirundika nne nne kwenye kamba, nzito juu ya nyepesi. Bi Moza akasimama mlangoni mwa jiko akaniambia, "Mama Zuhura, kamua kwanza. Na kila nguo ipe nafasi yake, ipitiwe na upepo. Hivyo zitavunda."

Nikamjibu bila kugeuka, "Bi Moza, kila mtu na nguo zake."

Akachukua ndoo yake akaingia ndani. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nimejikwaa mbele ya mwanamke wa umri wa mama yangu. Nilijua. Lakini kiburi cha ujana kina miguu mirefu, hakipiti pale pa kuombea radhi. Tokea siku ile nikawa nampita ukumbini nikimtupia salamu kama mtu anayemtupia kuku mtama. Wiki mbili tukaishi hivyo, mlango kwa mlango.

Ikafika siku ya thelathini na tisa ya mtoto. Kesho yake ndiyo arobaini, wageni wanakuja, watu wa Salum na watu wangu, na mvua ina siku ya tatu haijakata. Ndani sina kitu kikavu. Winda za mtoto, yaani vile vitambaa tulivyowafunga kabla ya hizi nepi zenu, zote mbichi. Khanga zangu mbichi. Kanzu nyeupe ya Salum, ile ya sherehe, mbichi. Kulikuwa na kifulana cha sufu alichofuma dada yake Salum kwa mkono wake mwenyewe, na kesho atakuja kukitazama mwilini mwa mtoto. Hicho nacho kibichi.

Nikasema, mimi si mjinga. Nikatoa lile tenga letu la kufukizia nguo udi, nikaliinamisha katikati ya chumba. Chini yake nikaweka jiko la makaa. Makaa yenyewe yalikuwa yamepata unyevu, hayajashika vizuri, yanafuka, lakini ningesubiri mpaka lini? Juu ya tenga nikapanga nguo. Khanga, juu yake winda, juu yake kanzu, juu yake kifulana, kisha khanga nyingine, mpaka tenga halionekani. Nikaona joto linatoka nje bure. Nikafunga dirisha. Nikafunga mlango, na chini yake nikasukumia kitambaa upepo usipite.

Mtoto alikuwa amelala kitandani. Nikakaa kando yake nikizitazama nguo zinavyotoa mvuke, nikajipongeza. Adhuhuri ilikuwa imepita kidogo, mvua inapiga bati. Kichwa kikaanza kuwa kizito. Nikasema ni uchovu wa uzazi. Nikataka kuinuka nigeuze zile za chini, miguu ikawa kama unga uliokandwa maji mengi. Nikasema basi, nijinyooshe kidogo.

Kuanzia hapo sijui kitu, mwanangu. Yanayofuata nimeambiwa.

Bi Moza alikuwa ukumbini akirudi uani. Akasikia harufu ya nguo inayoungua inatoka upande wangu. Akaja mlangoni akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu, na wewe unajua adabu yetu: hodi tatu bila karibu, mtu hurudi alikotoka. Tena mlango wenyewe wa mtu aliyekwambia kila mtu na nguo zake! Alinieleza baadaye kwamba aligeuka kweli. Alipiga hatua mbili kuelekea kwake. "Kisha nikasema, adabu na ikae nje, mimi niingie."

Akausukuma mlango kwa bega. Moshi ukamvaa usoni. Nguo za chini kwenye tenga zilikuwa zimeshika moto wa kichinichini, hazina mwali, zinakula tu. Hakushughulika nazo. Alimchukua mtoto kwanza, akakimbia naye mpaka kwenye baraza la mbele. Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa, hakulia, hakufumbua macho. Bi Moza akampulizia usoni, akamsugua mgongo, akamlaza mkononi manyunyu ya mvua yakimgusa mashavu. Akamwita mwanawe dukani ampokee mtoto. Yeye akarudi ndani, akanishika chini ya makwapa, akaniburura ukumbini mpaka uani. Peke yake, mwanamke wa umri ule. Kisigino changu kilichunika kwenye kizingiti, na alama ninayo mpaka leo.

Kitu cha kwanza nilichokisikia ni maji ya mvua yanaingia sikioni. Cha pili ni kutapika. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Nikajaribu kusema "mtoto", ulimi ukakataa. Nikamwona Bi Moza amepiga magoti kwenye tope na khanga yake imelowa, hanitazami mimi, anatazama ukumbini, midomo inacheza akimwomba Mungu.

Na hapo, kutoka barazani, Zuhura akalia.

Nimesikia mengi tokea siku ile, mwanangu. Nimesikia vigelegele vya harusi za wanangu wote, harusi ya mama yako ikiwemo. Sijasikia sauti iliyoushinda ule mlio wa kikwaruzo, mlio wa mtoto aliyekasirika. Bi Moza alifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakatikisika. Kisha akajifuta akasema, "Haya. Ana nguvu za kugomba huyo. Kamrithi mamaye."

Mwanawe akatuletea mtoto, nikamkumbatia pale pale kwenye tope. Bi Moza alirudi chumbani kwangu, akatoa tenga na jiko akavimwaga mvuani, akafungua dirisha na mlango. Hakunikemea wakati ule. Alinikalisha kwake, akanivalisha nguo yake kavu, akanipa chai ya tangawizi, akangoja mpaka nilipokunywa nusu. Ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulitaka nini, Mama Zuhura?"

"Nilitaka nguo zikauke."

"Nguo haina haraka, mwanangu. Haraka ilikuwa yako."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Shikamoo, Bi Moza." Ilikuwa shikamoo ya kwanza ya haki katika wiki mbili, nayo ilitoka imechanganyika na machozi.

Akakijaza tena kikombe changu. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Nilimwomba asimwambie Salum. Akakataa kwa upole. "Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe. Baba wa mtoto hafichwi jambo la mtoto."

Salum aliporudi nilimweleza yote, nikiwa nimeinamisha uso. Nikamwonyesha kanzu yake, ina duara jeusi ubavuni, ukubwa wa sahani. Nikamwonyesha khanga zangu za harusi, zimebaki pindo. Na kile kifulana cha sufu kilikuwa kimepona moto, lakini joto limekikunja mpaka hakimwingii hata mwanasesere. Salum alikishika kwa vidole viwili akakigeuza huku na huku. Nikangoja anigombeze. Badala yake akamchukua Zuhura, akakaa naye kitandani, mafuta ya mashine yote yale, akimnusa utosi. Kisha akainuka, akaenda akasimama mlangoni kwa Bi Moza. Nilimsikia akipiga hodi na kuitikiwa karibu, halafu sikusikia neno jingine. Alitoka macho mekundu.

Kesho yake wageni walikuja. Salum alivaa kanzu ile ile, juu yake koti, na kutwa nzima hakulivua, joto lote lile. Dada yake alipouliza kifulana nikamwambia ukweli. Alinuna mpaka wakati wa pilau, akasahau. Mtoto alivaa winda kavu. Zile zilizonusurika moto, Bi Moza alikuwa amezikausha mwenyewe tangu alfajiri, akaniita nikatazame.

Alikamua kila kitambaa mara mbili. Akakikung'uta kwa nguvu mpaka kikalia pa! ndipo akakitundika, maana nguo iliyokung'utwa hukauka bila makunyanzi. Jiko aliliwasha nje, barazani, likakaa mpaka makaa yote yakawa mekundu na moshi umekwisha. Akalisogeza ukumbini, mlango wa mbele wazi na wa nyuma wazi, upepo unapita. Alipanga nguo chache tu, nyepesi kwa nyepesi. Kila baada ya muda alizigeuza. Alizitoa zikiwa na ubichi kidogo, ukizigusa kwa shavu ndipo unauhisi, akasema zitamalizikia zenyewe zikikunjwa. "Ukisubiri zikauke kabisa kwenye moto umeshaziunguza." Na kwa muda wote ule, mwanangu, hakuondoka. Aliketi pale na tasbihi yake.

Tulikaa jirani miaka tisa baada ya hapo. Alikuwa mamangu wa pili mpaka alipofariki.

Sasa sikia. Mimi sikukatazi mashine yako. Ningekuwa nayo mwaka ule ningeibusu. Lakini umeme nao ni moto, umevaa nguo nyeupe tu. Usiishindilie. Mtaka yote hukosa yote: nguo zikikosa nafasi ya kugeuka, za nje huungua na za ndani hubaki mbichi, na mashine huchoka kabla ya wakati wake. Zikamue vizuri kabla hujazitia, uzikung'ute moja moja. Shuka na mataulo yaende pamoja, vitu vyepesi viende peke yake kwa joto dogo. Ile lebo ndogo ya maelezo ya kufulia iliyoshonwa ndani ya kola, mimi sijui kuisoma ila wewe unajua, basi isome. Sufu usiitie kabisa. Itandaze juu ya taulo kivulini, itakauka kwa wakati wake.

Kile kichujio kinachokusanya nyuzi na vumbi la nguo, jana nimekiona kimejaa kama mto wa pamba. Kisafishe kila ukimaliza, kila mara, usiseme kesho. Nyuzi zile kavu zikikutana na joto ni kama makumbi yaliyokutana na kiberiti. Na lile bomba la kutolea hewa ya moto lielekee nje, lisibanwe na kabati. Ukisikia kengele yake, zitoe uzikunje zingali na joto, usiziache zilale humo zijikunje. Hata hivyo, siku ya jua tumia jua. Halina bili.

Kubwa kuliko yote: usiiwashe ukatoka, wala usiiwashe ukalala. Una mtoto ndani sasa. Na yule mama wa mlango wa pili, ambaye jana ulinipitisha mbele yake bila hata kumsalimu, sijui mmegombania nini, wala sitaki kujua. Kampigie hodi leo. Mlango wa jirani usiufunge kwa ulimi, maana hujui siku utakayohitaji aufungue wako bila kukaribishwa.

Mungu akulindie nyumba yako, mwanangu, na wote wanaolala ndani yake. Akupe subira kwenye mikono, akupe ulimi laini, akujaalie majirani wema, nawe akufanye jirani mwema. Mwanao avae nguo safi mpaka uzeeni, naye awavishe wake. Amina.