Tangi la Kioo Halikalafatiwi

Siku moja hainitoki moyoni, mwanangu. Nimepiga magoti kwenye maji ya bahari, na si ufuoni, ni chumbani mwetu Timbwani, Likoni. Naokota samaki wetu, kitatange, uvunguni mwa kitanda, nawatia kwenye sufuria ya wali, na damu yanichuruzika kiganjani. Upande mzima wa tangi letu jipya umeng'oka na kupasukia sakafuni. Kaka yangu Athumani amesimama mlangoni. Na aliyelijenga tangi lile, Fundi Shee, haonekani. Namtaja jina kwa sababu yeye hakupata kukiri kuwa ndiye.

Ngoja nirudi nyuma, usije ukadhani nimekuitia kilio tu.

Miaka ya themanini ile mimi ni msichana sijaolewa, skuli niliiacha mapema. Athumani alikuwa akizamia mwambani na kijavu kidogo, akishika samaki wa mapambo, wale wanaowekwa majumbani watazamwe. Alikuwa akiwaleta hai, na kazi yangu kuwatunza mpaka mnunuzi aje kuwachukua. Wazee wetu walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Riziki yetu ni samaki wale, hatuna nyingine. Lakini tangi letu lilikuwa dogo kama sanduku la nguo. Na maji machache, mwanangu, ni kama mtu wa hasira za karibu: jua likiingia dirishani yameshapata moto, samaki mmoja akifa yameoza yote. Mnunuzi akanambia waziwazi, "Zuhura, nikija nikikuta maiti tena, Likoni sirudi."

Basi tukataka tangi kubwa, na mfuko umetoboka. Changamwe kulikuwa na karakana ya vioo, kazi yao safi, lakini bei yao ilitutoa mbio.

Hapo ndipo akaja Fundi Shee, mtu wa Jomvu Kuu, mjenzi wa mashua. Kwa mashua simnyimi haki yake, alikuwa fundi. Akaketi barazani, akanywa kahawa yetu, akasema vioo vya dirisha la duka anavyo, mbao anazo, na maungio atayakalafati, ayazibe kama afanyavyo mashua, kwa pamba iliyolowa mafuta ya papa.

"Na maji hayatatoka, fundi?" nikauliza.

Akacheka hata kofia ikamwendea upande. "Binti, mimi naizuia bahari nzima isiingie chomboni. Nitashindwa kuzizuia debe chache zisitoke sandukuni?"

Athumani akajipiga paja. "Hapo umemaliza, fundi!"

"Umepata kujenga tangi jingine?" nikamwuliza fundi.

"La hoteli, kule Diani. Wageni wakanipigia makofi."

Tukaamini. Lilipokwisha nikataka tulijaze maji kwanza, lishinde uani, tulitazame. Shee akanuna. "Wanitilia shaka, binti? Jaza, tia samaki." Tukatia. Kesho yake asubuhi ndio hayo niliyokwambia.

Baadaye nilielewa, na hili si la kitabuni. Mashua ikiwa majini, bahari huisukuma ile pamba kwa nje, nayo huzidi kukaza. Tangi ni kinyume: maji yako ndani, yaisukuma pamba itoke. Shee aliujua upande mmoja wa maji, akaapa azijua pande zote.

Athumani alimfuata Jomvu Kuu. Alichorudi nacho ni maneno: ati msichana alijaza maji kwa pupa. Neno likafika Timbwani kabla ya Athumani. Nikipita kisimani nasikia, "Zuhura, uvungu wavuliwa leo?" Na mnunuzi alipokuja, akakuta sufuria. Akaondoka.

Shangazi yetu Mwanaisha, aliyekuwa akikaa Shika Adabu, alikuja na dawa ya kidonda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Lete huo mkono." Akafunga kitambaa, ndipo akaniuliza, "Hilo tangi la hotelini, mlikwenda mkaliona?"

"Alitwambia tu, shangazi."

"Sikio lako limenunua. Jicho lilikuwa wapi?"

Akainuka, akajifunga buibui. "Haya, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Twendeni tukatazame."

Kisauni kulikuwa na mkahawa unaofungwa, wenyewe wauza tangi lao. Lilikuwa refu kwa ubavu, fupi kwa kimo, limejaa mikwaruzo, na samaki wamo waogelea. Shangazi hakutaja bei. Alikausha mkono kwa leso, akaupitisha kwenye kila pembe. Tukaenda kuswali adhuhuri, tukarudi, akaupitisha tena.

Mwenye mkahawa akachoka. "Mama, wanunua tangi au waposa?"

"Kuposa ni rahisi, baba. Mume akivuja namrudisha kwao."

Jamaa alicheka mpaka akateremsha bei. Mikwaruzo nayo ikaiteremsha zaidi, hata tukaimudu. Tukaliweka juu ya matofali, sakafu ya chini, mbali na dirisha. Maji tukayateka mwambani, si pale feri penye mafuta. Mnunuzi tulimwendea sisi, akaja kwa kusitasita, akakuta kitatange wazima wamkodolea macho. Miaka ya tisini Athumani aliwasomesha wanawe kwa tangi lile.

Sasa nasikia nawe wataka tangi kubwa, na fedha huna. Lako jema, mwanangu, wala usiogope. Maji mengi hutulia kuliko machache. Ila usivutwe na kimo, tafuta upana. Maji ya tangi refu kwenda juu hukisukuma kioo kwa nguvu huko chini. Mkwaruzo ununue, ufa ukimbie. Bana matumizi kwenye mapambo, usibane kwenye kioo wala gundi. Nenda ukalione lina maji, na ukilileta kwako liache lishinde siku kadhaa bila samaki. Na maji yakipungua kwa joto, ongeza ya kisima yasiyo na chumvi, maana chumvi haikwenda popote. Mwenye kukwambia "nimewahi", mwambie "nipeleke". Njia ya mwongo ni fupi.

Mungu akubarikie mikono yako ibaki mizima, na unachokifuga kikue.

Nawe Fundi Shee, kama u hai, kidole changu cha mwisho hakikunjiki hata leo, na fidia sikuombi. Njoo Timbwani, usimame mbele ya majirani walionicheka, useme kwa kinywa chako ni nani aliyelivunja tangi lile. Nakungoja.