Nkeri Isiyokauka

Semeni ni ukungu, semeni ni majonzi ya mgane. Mimi nilikuwepo, saa nane mchana, na akili zangu zote ninazo.

Kazi yangu ni kukusanya nkeri za porini, vile vichaka vya miba vyenye matunda meusi, kwenye misitu ya milima juu ya Uvira. Unakata tawi, unaandika namba, mahali na rangi ya tunda, kisha unalilaza kati ya magazeti na kulikaza kwa mbao hadi likauke. Miaka kumi na moja mke wangu Nabintu alinishikia matawi. Alikuwa akinicheka: kila tunda zuri mimi naliona la kuandikwa, yeye analiona la kuliwa. Tulimzika kwao Lubarika, na baada ya hapo nikawa napanda peke yangu.

Siku hiyo ukungu ulishuka ghafla, nikaenda nikipapasa mpaka kwenye kichaka kimoja kikubwa. Nikavuta tawi, halikuja. Mtu alikuwa amelishika upande wa pili, mikono mitupu juu ya miba, bila tone la damu. Niamini, sikuogopa. Utaiogopaje mikono uliyoizoea? Hata kitenge kilikuwa kilekile tulichomzika nacho.

Akachuma tunda moja, akaniwekea kiganjani. Lilikuwa na joto, kwenye baridi yote ile.

“Minye nilikuchungia hii, Baba Amani,” akasema, kana kwamba alikuwa amelitunza siku zote hizo kwa ajili yangu. “Kula.”

Na mimi nikafanya nini? Nikainama kutafuta kalamu. Mazoea, jamani. Nikaandika namba, nikaandika rangi, nikalilaza tunda gazetini.

“Weye iko unaandika tu,” akasema taratibu, bila hasira.

Nilipoinua macho, tawi lilikuwa linacheza peke yake.

Matawi mengine ya siku ile yalikauka vizuri. Lile tunda, huu mwaka wa tatu, bado bichi. Kila asubuhi nabadilisha gazeti, na kila asubuhi nakuta doa jipya. Mtaniuliza kwa nini silili sasa. Nikilila, nitabaki na nini chake?

Ndugu zake wananifariji kwamba ningelila palepale nisingeshuka tena mlimani. Hawajui kuwa hicho ndicho kinachoniuma.

Kwa hiyo nakuonya: ukipanda huko na mtu wako moyoni, kalamu iache nyumbani. Na akikupa kitu, kula.