Nestor Alituambia Tusubiri

Asubuhi hiyo Luz alikuwa anakaanga samaki huku akigombana na redio. Nestor, mtangazaji wa mji wetu kusini mwa Ufilipino, alikuwa akisoma salamu, na ile ya mama yake Luz ilikuwa bado. "Huyu naye kwa kuchelewesha, Sista!" Mimi nilikuwa mtawa kijana kutoka Bukavu, nimepangiwa kuishi na mjane huyo na mama yake ili nijifunze lugha. Kituo chake kilikuwa cha mtandao mkubwa wa redio wa Manila, lakini tulikihesabu chetu, maana Nestor alituita kwa majina.

Risasi zilianza kabla hatujala. Wapiganaji waliingia mtaani, jeshi likafunga daraja la kutokea. Watu wakampigia Nestor simu: tupite wapi? Akawajibu mmoja mmoja, sauti imetulia. Wengi walitoka salama kwa maneno yake. Hilo simnyimi.

Luz naye akapiga. Tulimsikia akijibiwa redioni: "Luz, msitoke kwanza. Daraja bado. Msizime redio, nitawaambia."

Tukasubiri.

Ukaja wimbo. Ukaja mwingine. Halafu kipindi cha vichekesho kutoka Manila, watu wanacheka mpaka wanapiga meza.

"Atarudi," Luz akasema.

Majirani wakapita na mizigo kichwani. "Daraja liko wazi! Tokeni!"

Nikamvuta mkono. "Twende, kwa jina la Yesu!"

"Mtangulize mama. Nestor akisema tu, nawafuata."

Jirani kwake alikuwa jirani. Nestor alikuwa Nestor. Nikambeba bibi mgongoni.

Tulikuwa darajani mtaa wetu ulipopigwa mizinga.

Luz hakuja.

Kambini, fundi mmoja wa kituo alitueleza. Makao makuu yalituma gari, likachukua mitambo, likamchukua na Nestor. Ili redio isinyamaze, wakaunganisha matangazo ya Manila. Wangesema tu, "Tunaondoka, msitungoje." Basi! Hata hilo lilikuwa zito mdomoni? Kukimbia wangekimbia, nani hakukimbia siku ile? Lakini kutuachia vicheko, hapana. Sijawasamehe, na sijifanyi nimewasamehe.

Utawa niliuacha. Sasa natengeneza simu hapa Durban, na mabaharia Wafilipino hunijia kutoka bandarini. Juzi nilimrudishia mmoja simu yake, akafungua redio ya kwao kujaribu spika.

Nikaijua sauti kabla sijasikia jina. Nestor amepanda cheo, yuko Manila, mwenzake wa mtandao uleule anamhoji kuhusu vita. "Nilibaki na wasikilizaji wangu mpaka mwisho," alisema. Mwenzake akamshukuru kwa ushujaa.

Nilitafuta kiti nikakaa.

"Eish, dada, iko nini?" akauliza Aline, Mrundi tunayefanya naye kazi.

"Muongo," nikasema. "Muongo mkubwa!"

Baharia hakuelewa Kiswahili chetu. Akainua simu, anatabasamu. "Huyu kwetu ni shujaa. Unamfahamu?"

Nikamjibu kwa lugha yao, polepole, kwamba namfahamu msikilizaji wake mmoja, aliitwa Luz, na aliyebaki mpaka mwisho ni yeye, peke yake.